Land Rover ya polisi ya skeli 1/24: boksi moja, miaka mitatu

Hukumu kwanza, kwa mwenye haraka. Seti hii ya plastiki ya Land Rover 109 ya polisi ni nzuri kuanzia chesesi kushuka chini ukiacha matairi, ya wastani ndani, na mbele kabisa, pale jicho linapotua kwanza, imekosewa. Kosa lenyewe si la vipimo, ni la historia. Picha ya boksi inasema 1964, shoo (ule uso wa mbele ya rejeta) ni ya 1971, na namba za gari ni za 1973. Anayezijua Land Rover atacheka kabla hujafunga boneti. Hata hivyo linarekebishika, tena kwa vitu vinavyopatikana Ngamiani, hapa Tanga, kwa fedha ya kahawa na kashata.

Jina la kampuni tunaliacha. Kalibu moja ya plastiki huuzwa na kukodishwa, na vipande vilevile hutoka kesho katika boksi lenye jina jingine. Itambue kwa yaliyomo: matawi sita ya plastiki ya kijivu (fremu zinazoshikilia vipande), tawi moja la vioo, matairi matano ya mpira laini, karatasi moja ya stika za maji, na picha ya gari la samawati iliyokolea lenye kengele ya kung'aa kwenye bampa. Likifika Tanga pamoja na usafiri linapita laki moja, kwa hiyo si jambo la kujaribia.

Vipimo havina neno. Land Rover 109 imepewa namba hiyo kwa sababu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 109, yaani milimita 2,769. Gawa kwa 24 upate 115.4, seti inatoa 115. Urefu wa gari zima ni milimita 4,445, kwa skeli 185; hapa ni 184. Upana ni 1,676, kwa skeli karibu 70, na 70 ndiyo iliyopo. Aliyechonga kalibu alikuwa na rula. Kilichomponyoka ni kalenda.

Chesesi ndiyo inayolipa fedha yako. Ni ngazi ya vyuma vya boksi kama ilivyo kwenye gari la kweli, na viunzi vya kukata katikati viko mahali pake, hata vile vishikio vya pembeni vinavyobeba bodi. Imetolewa kwa nusu mbili za kubandikana, kushoto na kulia, na hapo ndipo wengi huharibu. Ukibandika nusu hizo ukiwa umeshika mkononi, chesesi hupinda kama ndizi, na hutagundua mpaka gurudumu moja likae hewani. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kilaze mezani, bana nusu mbili juu yake kwa tepu ya karatasi, kisha pitisha gundi nyembamba ya plastiki kwenye mshono kwa brashi. Gundi hiyo huyeyusha plastiki na kuivuta yenyewe, haihitaji kukandamizwa. Iache usiku kucha. Asubuhi sugua mshono kwa msasa namba 400, halafu 800.

Springi zimetolewa kama tofali moja, majani yake yameonyeshwa kwa mistari tu. Pitisha ncha ya kisu kwenye kila mstari mara tatu ili kivuli kiingie. Kazi ya dakika kumi kwa kila springi, na ndiyo inayotofautisha modeli na kidude cha kuchezea. Ekseli ya mbele ina zile bakuli mbili za duara nyuma ya magurudumu, ambapo tairi linageukia. Maelekezo yanataka zipakwe nyeusi. Usifuate. Kwenye gari halisi ni chuma kilichong'arishwa kama kioo, na sili zake zikichoka huvujisha oili. Zipake rangi ya fedha inayong'aa, kisha dondosha tone la kahawia lililozimuliwa chini yake. Propela shafti mbili zinaingia bila kulazimisha, difu zote ziko upande mmoja kama inavyotakiwa, na ngoma ya breki ya mkono iko nyuma ya giaboksi, si magurudumuni. Hilo lilitufurahisha. Seti nyingi za bei ya juu hulisahau.

Injini ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Vipande tisa, haina nyaya wala mabomba, na boneti inafunguka. Waya mmoja uliochomolewa kwenye kebo ya breki ya baiskeli unatosha kwa nyaya za plagi na bomba la mafuta. Kama huna mpango wa kuiacha boneti wazi, pita.

Sasa matairi. Gari la 109 lilitoka kiwandani na matairi ya 7.50-16, ambayo kimo chake ni karibu sentimita 80, kwa skeli milimita 33 na nusu. Ya kwenye boksi yana 31. Hayo ni matairi ya 6.00-16, viatu vya mdogo wake, Land Rover 88. Matokeo yake gari zima linakaa chini kwa milimita moja na robo, na madigadi yanaonekana makubwa kama suruali ya kaka. Kuna jambo jingine baya zaidi. Mpira huo laini una mafuta ndani yake yanayoulainisha, na mafuta hayo hutoka taratibu na kula rimu za plastiki. Kwa joto letu haichukui miaka mingi. Utakuta rimu imelowa na kuyeyuka pale tairi linapogusa.

Dawa ya kwanza ni kununua matairi ya resini ya milimita 33 au 34. Dawa ya pili inajulikana na kila mtoto aliyewahi kusukuma gari la waya: soli ya malapa. Tafuta lapa jipya lenye soli ngumu. Kata miduara mitano ya milimita 35 yenye unene wa 9, toboa katikati, pitisha bolti, funga kwenye drili na usugue ikizunguka, msasa namba 120 kwanza, kisha 240, hadi ufike 33.5 kwa 8.5. Tundu la rimu liwe milimita 17. Vishimo vya soli huonekana, kwa hiyo paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, mara mbili, halafu rangi ya kijivu cheusi. Tairi jeusi tititi halipo barabarani. Kashata za tairi kata kwa kisu kipya, ukiweka alama kwanza kwa kalamu. Hapa malapa yanashindwa na resini, na hakuna namna ya kulificha hilo ila kwa matope.

Tukirudi mbele. Land Rover za Series II na IIA za miaka ya mwanzo ya 1960 zilikuwa na taa kubwa katikati, kwenye bati la rejeta, na shoo ya wavu wa chuma. Mwishoni mwa miaka hiyo taa zikahamia kwenye madigadi. Series III ilipoingia mwaka 1971 shoo ikawa ya plastiki, na mita za dashibodi zikahamishwa kutoka katikati hadi mbele ya dereva. Sasa angalia kilichomo: taa kwenye madigadi, shoo ya plastiki, mita mbele ya dereva. Hii ni Series III bila ubishi. Ilhali stika, kengele na maelekezo vinakuambia ujenge gari la 1964. Kisha karatasi ya stika ina namba nyeupe ya mbele na ya njano ya nyuma, aina inayoakisi mwanga, ambayo Uingereza ililazimisha kwa magari mapya kuanzia 1973. Gari la 1964 lilibeba namba nyeusi zenye herufi nyeupe au za fedha. Na kengele? Zile kengele za umeme za polisi wa Uingereza zilikuwa zinaondoka miaka hiyohiyo ya 1960, honi za sauti mbili zikichukua nafasi yake. Shoo ya Series III na kengele kwenye bampa moja ni sawa na kuvaa kanzu na helmeti ya bodaboda. Mtu anaweza, lakini kwa nini.

Kuna njia mbili, na tunapendekeza moja.

Njia ngumu ni kuirudisha 1964. Utaziba matundu ya taa kwenye madigadi, utachonga bati jipya la rejeta kutoka plastiki bapa ya milimita 0.75, utatoboa matundu mawili ya milimita 7.4 (taa halisi ilikuwa inchi 7), utaweka wavu, na utajenga dashibodi upya. Wavu wa chujio la chai unafaa, kwani matundu yake hayazidi milimita 1. Wavu wa mbu wa dirishani ni mpana mno, hugeuza shoo kuwa tenga la kuku. Hesabu jioni nane hadi kumi kwa kazi hiyo peke yake, na uwezekano mkubwa wa taa moja kuangalia Pangani na nyingine Horohoro.

Njia rahisi ni kukubali plastiki inachosema. Tupa kengele. Tupa mwaka 1964. Jenga gari la Series III la miaka ya 1970, na ghafla karibu kila kipande kinakuwa sahihi: shoo, dashibodi, taa, hata zile namba za kuakisi. Kinachobadilika ni rangi na stika. Kama ni la Uingereza, magari ya polisi ya barabara kuu wakati huo yalikuwa meupe yenye mstari wa rangi kali ubavuni. Kama unataka la kwetu, namba za polisi huanza na PT, na hapo sharti ni moja: tafuta picha ya gari moja, la mwaka mmoja, uifuate hiyo hiyo. Ukichanganya mlango wa picha hii na paa la picha ile utakuwa umerudia kosa la wenye boksi.

Ndani hakuna mengi. Viti vitatu mbele, mabenchi mawili ya kutazamana nyuma. Alama za pini za kiwandani zipo katikati ya kila benchi, duara la milimita 3. Jaza kwa supa gluu iliyochanganywa na poda ya mtoto, na usugue ndani ya saa moja, maana ikilala inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe na msasa utakula pembeni badala ya katikati. Jambo moja la kuzingatia ni vifundo vya rungu za gia. Rungu ndogo ya kuingiza magurudumu manne ina kifundo cha njano, ile ya gia nzito kifundo chekundu. Maelekezo yanasema vyote vyeusi. Ukifungua mlango wa modeli, ni vitu viwili vya kwanza ambavyo dereva wa zamani atavitafuta.

Paa limetolewa la kawaida, la bati moja. Kwa gari la nchi za joto hilo ni pungufu. Kulikuwa na paa la pili, bati jepesi juu ya lile la kwanza, limeachiwa nafasi katikati ili hewa ipite na jua lisipike abiria. Hapa kopo la soda ni zawadi. Unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na milimita mbili na nusu za gari la kweli, na hakuna plastiki ya kwenye boksi inayokaribia wembamba huo. Kata kopo, linyooshe kwa kulivuta kwenye ukingo wa meza, pima kutoka paa la seti na upunguze milimita 2 kila upande. Vijiti vya kuliinua viwe vya milimita 1. Gundi ya plastiki haishiki alumini. Tumia epoksi ya mirija miwili, kwani supa gluu hushika lakini huachia bati likigongwa. Kabla ya rangi, sugua kwa msasa 1000 na upake praima, la sivyo rangi itabanduka vipande kama ganda la karanga.

Supa gluu tena, kwa upande wa vioo: usiisogeze. Mvuke wake huweka ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na unyevu wa hapa huharakisha ubaya huo. Vioo vyote vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao, hukauka bila rangi na ikizidi hufutika kwa kitambaa kibichi.

Rangi ni sura nyingine, na hapa maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hayasaidii. Thina inapokauka haraka hupoza uso wa modeli, na hewa yenye maji mengi hutua hapo kama umande. Rangi inapauka, inakuwa na ukungu wa maziwa. Rangi nyeusi na samawati ndizo zinazoonyesha zaidi. Kwa hiyo usipulize rangi asubuhi na mapema wala usiku. Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri hewa huwa imekauka kidogo. Wakati wa masika subiri siku isiyo na mvua kabisa. Tumia thina ya kukausha polepole, au ongeza kichelewesha asilimia 5 hadi 10. Mwaga maji yaliyojikusanya kwenye chujio la kompresa kabla ya kila kazi, si mara moja kwa wiki. Ukungu ukitokea usiparamie kusugua: puliza thina tupu ya polepole, nyembamba sana, mara nyingi rangi hurudi yenyewe.

Wauza rangi za magari watakuchanganyia rangi yoyote kwa namba yake, na rangi yao, duko, ni nzuri. Tatizo ni thina. Thina ya duko imekusudiwa bati. Ikigusa plastiki tupu hutoa nyufa ndogo kama za udongo uliokauka. Weka praima ya plastiki tabaka mbili, iache siku nzima, halafu puliza duko kwa ukungu mwepesi mara nne au tano, ukiacha dakika kumi na tano kati. Ukilowesha mara moja ili ing'ae haraka, thina itapenya praima na utalia. Kwa asiyetaka presha, rangi za akriliki za modeli zizimuliwe sehemu moja ya rangi kwa moja hadi moja na nusu ya thina yake, mgandamizo wa psi 15 hadi 20, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Mililita 10 za rangi zinatosha bodi yote.

Nyeupe isiwe nyeupe ya karatasi. Modeli ndogo yenye weupe mtupu huonekana kama kipande cha sahani. Matone ishirini ya nyeupe kwa tone moja la rangi ya krimu hutosha. Kwa mstari wa ubavuni, ziba kwa tepu baada ya saa 24 (masika, 48), kisha kabla ya rangi ya mstari puliza nyeupe ileile juu ya ukingo wa tepu. Nyeupe itajaza upenyo wote uliobaki, na rangi ya pili haitavuja. Bila hatua hiyo mstari hutoka na meno, kwa sababu bodi ya Land Rover ina mistari ya ripiti na bawaba inayonyanyua tepu.

Kuhusu kutu tutasema kwa mkazo, kwa kuwa tumeona modeli nyingi zilizopakwa vizuri zikaharibikia hapa. Madigadi, boneti, ngozi ya milango na paa la Land Rover ni alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu, hata ikae Raskazone inanyunyiziwa maji ya chumvi. Kutu iweke kwenye chesesi, kwenye ukuta wa injini chini ya kioo cha mbele, na kwenye fremu ya ndani ya mlango, ambazo ni chuma. Pale ngozi ya alumini inapokutana na fremu ya chuma, hasa chini ya mlango, chumvi na unyevu huzifanya zilane; hutoka unga mweupe na rangi huvimba malengelenge. Hicho ndicho cha kuonyesha: vitone vya gundi nyeupe vilivyokauka chini ya rangi, kisha unga wa chaki nyeupe pembeni yake. Zile fito zinazozunguka kingo za bodi nyuma ni chuma kilichochovywa zinki, rangi ya kijivu butu, bampa pia. Na digadi lililopasuka halikuchomelewa kama la magari mengine, lilipigwa kiraka cha bati na ripiti. Kiraka kimoja cha karatasi ya fedha ya sigara, chenye vitone sita vya sindano, kinaeleza maisha ya gari hilo kuliko kutu ya chupa nzima.

Vumbi pia lina anwani. Gari la mjini lina vumbi la kijivu hafifu. Lililotoka Muheza kwenda Amani, au lililoshuka Lushoto, lina wekundu. Tumia chaki za rangi zilizosagwa, usichote mchanga wa kweli. Punje ya nusu milimita kwa skeli hii ni jiwe la milimita 12, na mchanga wa pwani una chumvi inayovuta maji chini ya vanishi.

Stika ndizo waja leo waondoka leo wa seti hii. Ni nene, na juu ya rangi isiyong'aa hazishiki hata siku moja. Paka vanishi inayong'aa kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo uloweshe stika kwenye maji ya vuguvugu sekunde 30. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ikipakwa chini ya stika, huilainisha kidogo ifuate ripiti. Kwa sehemu zenye mikunjo utahitaji dawa kali ya stika. Ikiwa karatasi imekuwa ya njano, iweke kwenye mfuko wa plastiki na uibandike dirishani juani siku mbili tatu, itarudi weupe. Neno POLICE la pembeni limechapwa vizuri. Namba za PT utazichapa mwenyewe kwenye karatasi ya picha. Bati la sentimita 52 kwa 11 linakuwa milimita 21.7 kwa 4.6.

Taa ya paani ni aibu. Wametoa kidonge cha plastiki ya kijivu wanachotaka upake samawati, ilhali tawi la vioo limebaki na fito angavu nene zinazotupwa. Kata kipande cha milimita 7 kutoka fito hiyo, kisugue kiwe kuba, king'arishe kwa dawa ya meno, paka samawati angavu, na chini yake weka kiduara cha karatasi ya fedha. Honi mbili za sauti mbili zitokane na ncha za kalamu za wino zilizokwisha, moja ndefu kidogo kuliko nyingine. Antena ya redio ni waya mmoja wa baiskeli, sentimita 5 hadi 6.

Kamba ya kuvutia gari haimo kwenye boksi, na kwa mkoa wa mkonge ni dhambi kununua uzi. Nyuzi nne au tano za katani zisokotwe kwa mkono, zipakwe gundi nyeupe iliyozimuliwa, vinyweleo vipitishwe haraka juu ya mwali wa kiberiti. Unapata kamba ya milimita 1, sawa na milimita 24 za kweli, yenye rangi ambayo hakuna kopo la rangi linaloitoa.

Tusingempa mwanafunzi wa kwanza. Mshono wa chesesi na kazi ya matairi vitamkatisha tamaa kabla hajafika kwenye rangi. Aliyekwisha kujenga magari mawili matatu, anayejua kupuliza rangi bila kutiririsha, atapata hapa gari bora kuliko picha ya boksi, kwa kati ya saa 40 na 60 za kazi. Likija kwa basi kutoka Dar, lifungue palepale kwenye ofisi ya vifurushi kabla ya kusaini, na uanze na tawi la vioo: kioo cha mbele kimeshikwa na vijiti viwili tu, na ndicho kinachofika kimepasuka.